MNYWESHAJI ALIMSAHAU YOSEFU

Masomo: Mwanzo 40, Mwanzo 41:1-14, Matayo 20:1-7 na 20:20-28, Matendo 9:26-28



Habari ya Yosefu tunaijua tangu utoto. Ndugu zake walimuuza, akafika Misri, mke wa bwana wake akamsingizia, akatiwa gerezani. Mule gerezani akakutana na wakubwa wawili wa nyumba ya Farao, mnyweshaji na mwokaji wa mikate, akawaeleza maana ya ndoto zao. Alipokwisha kumwambia mnyweshaji kwamba baada ya siku tatu atarudishwa kazini, akamwomba neno moja tu: ukifika kule juu, nitaje mbele ya Farao. Siku tatu zikapita. Mnyweshaji akarudi kazini kwake, akashika kikombe kama zamani. Yosefu akabaki ndani, miaka miwili mizima.

Nimekwisha kusikia wahubiri wanaofundisha kwamba hapo Yosefu alikosa. Wanasema aliacha kumtumainia Mungu akamtumainia mwanadamu, na ile miaka miwili ndiyo fimbo aliyopigwa. Mimi nimesoma sura ile mara nyingi, wala sioni mahali Mungu anapomkaripia Yosefu. Sura ya 39 inatuambia tena na tena kwamba Mungu alikuwa pamoja naye. Mtu ambaye Mungu yuko pamoja naye alifungua kinywa chake, akamwomba mtu mwingine amsemee. Yule anayetajwa mwishoni mwa sura ya 40 kwa neno baya ni mnyweshaji, maana alisahau. Na siku alipokumbuka, alianza kwa kutaja makosa yake mwenyewe (41:9). Wengine wanasema ni yale makosa aliyomkosea Farao. Inawezekana. Lakini mimi nadhani na deni la Yosefu limo ndani.

Ninasema haya juu ya vijana wetu. Katika parokia hii wako wanaofunga siku tatu, wengine siku saba, wanakesha usiku wakiomba kazi. Ni vizuri, na asiwepo mtu wa kuwacheka. Lakini muulize mmoja wao: habari hii ya kutafuta kazi umemwambia nani? Ananyamaza. Amemwambia Mungu peke yake, ambaye alikuwa anajua. Papa anayeketi naye benchi moja kila Siku ya Mungu, ambaye ni zamu kwenye mlango wa kompani na anaona kila gari linaloingia na kutoka, hajui hata kwamba kijana huyu amejifunza kutengeneza injini. Mama anayeuza chakula kwa wafanyakazi wa mchana hajui. Mwalimu wake wa zamani hajui. Kijana anaona haya, anasema wataniita mwombaji. Au anaogopa, anasema nikitaja njia yangu wataifunga, wataniloga. Basi anafunga mdomo, halafu anamngojea malaika aje na barua ya kuingia kazini.

Katika Matayo 20, bwana mwenye shamba la mizabibu alitoka saa ya kumi na moja akakuta watu wangali wamesimama. Akawauliza sababu ya kukaa bila kazi mchana mzima. Wakamjibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Jibu hilo ni la kweli kabisa, na Bwana hakuwaita wavivu. Wengi wetu tunapaswa kulisikia vizuri, maana tuko wepesi kumwita mtu asiye na kazi mvivu. Lakini tazameni na jambo la pili. Walikuwa wamesimama sokoni. Jua limekwisha kuinama, wenzao wamekwisha kupata tangu asubuhi, na wao hawakurudi nyumbani kujificha. Walikaa pale mtu anapoweza kuwaona, na ndiyo maana walionekana.

Wazee wetu hawakuzoea kutafuta hivi, na hapo ndipo shida yetu ilianzia. Mwaka 1910 wazungu walianzisha hapa Katanga ile waliyoiita Bourse du Travail, kazi yake kukusanya watu vijijini kwa ajili ya migodi. Wakaajiri wanapita kwa machifu, na wengi walichukuliwa bila kuulizwa. Baadaye, kuanzia miaka ya 1920, Union Minière iliona hasara ya kubadilisha watu kila mara, ikaanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na bibi na watoto. Ikatoa posho, ikajenga shule na hospitali. Mtoto wa kambi alikua akijua kwamba kazi ya papa yake inamngoja. Jina la papa lilikuwa ndilo barua yake. Ilipokuwa Gécamines, mambo yaliendelea vilevile, na katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Halafu mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na kufika 1994 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 40,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari, na nyumba nyingi hapa bado zinajua pesa ile ilikwisha kwa muda gani.

Leo kompani ziko tena, nyingi, na nyuma ya kila kompani kubwa kuna ndogondogo zinazofanya kazi kwa ajili yake. Lakini hizi hazimjui papa yako. Hazina kambi, hazina posho, mara nyingi zinachukua mtu kwa miezi mitatu au kwa siku. Leta imeweka ofisi ya ONEM tangu mwaka 2002 kwa kuandikisha wanaotafuta kazi, na mimi nawaambia vijana: mwende, mwandikishwe, hiyo ni haki yenu na ni njia mojawapo. Lakini fanyeni jambo hili. Mkitoka katika ibada, waulizeni wale wenye kazi, mmoja mmoja: nani alikuambia kwamba kuna nafasi? Karibu kila mmoja atataja jina la mtu. Fulani aliniambia. Fulani alinipeleka. Fulani alinitaja. Kazi inapita kwa watu, sawa vile ilivyopita kwa mnyweshaji.

Na mtu huyo mara nyingi si yaya yako wala mjomba wako. Mnyweshaji hakuwa ndugu ya Yosefu. Ndugu zake wa damu ndio waliomtia shimoni. Sababu yake si ngumu kuelewa: watu mnaolala nyumba moja mnajua habari zilezile, mnapita njia ileile, mlango uliofungwa kwako umefungwa na kwao. Mtu wa mbali kidogo anajua mlango mwingine. Dereva uliyemsaidia kusukuma gari. Mwenzako wa masomo aliyehamia Fungurume. Mama wa likelemba ambaye mume wake ni mwashi. Hao ndio wanaojua kitu ambacho nyumbani kwenu hakijulikani. Kwa hiyo usiseme sina ndugu mkubwa, basi nimekwisha.

Tazameni tena namna Yosefu alivyomfahamu mnyweshaji. Hakumfuata kwa sababu alikuwa mkubwa. Asubuhi moja aliwaona wale wawili nyuso zimekunjamana, akawauliza kuna nini leo. Ni hapo tu ilipoanza. Alikuwa anawatumikia, akaona huzuni yao, akauliza. Wako watu ambao wakikosa kazi ndipo wanaanza kusalimia. Mwaka mzima wanapita mbele ya mtu bila neno, halafu siku moja wanabisha mlango wake saa kumi na mbili ya asubuhi na bahasha mkononi. Mtu anaipokea bahasha, anaiweka juu ya kabati, na inakaa pale mpaka panya wanaijua.

Sasa kuna swali ambalo wengi wananiuliza, na ni swali la haki. Wanasema: shemasi, si hii ndiyo pistoni? Si ndiyo dhambi ileile inayoharibu nchi, ambayo mwenye diploma anabaki nyumbani na mpumbavu anakaa ofisini kwa sababu mjomba wake ni mkubwa?

Biblia inatupa watu wawili, tuwaweke kando kwa kando. Wa kwanza ni mama ya wana wa Zebedayo. Alikuja mbele ya Yesu, akapiga magoti, akaomba viti viwili, kimoja kuume na kimoja kushoto. Sikilizeni ombi lake vizuri. Hakusema watoto wake wanajua nini. Hakusema wamefanya nini. Aliomba kiti. Yesu alipowauliza kama wataweza kukinywa kile kikombe, walijibu upesi upesi kwamba wanaweza, kama mtu anayeulizwa kama anajua kuendesha gari kubwa naye anasema ndiyo, halafu unamwona anatafuta ufunguo unaingia wapi. Na wale kumi walipopata habari walikasirika. Hiyo ndiyo pistoni. Inaomba kiti wala haitaji kazi, na wenzako wote wanabaki na uchungu.

Wa pili ni Barnaba. Sauli alifika Yerusalema, akataka kujiunga na wanafunzi, na wote walimwogopa. Walikuwa na sababu, maana walimjua kwa mabaya yake. Barnaba akamchukua, akampeleka kwa mitume, akasimama akaeleza mambo ambayo yamefanyika: jinsi Sauli alivyomwona Bwana njiani, jinsi alivyohubiri kule Damasko bila woga. Mahali gani, jambo gani, namna gani. Hakusema ni mtu wangu, mpokeeni. Alitoa ushuhuda, akaweka jina lake mwenyewe juu ya ushuhuda ule. Kama Sauli angekuwa mdanganyifu, aibu ingekuwa ya Barnaba.

Na baadaye, kazi ya Antiokia ilipokuwa kubwa kupita nguvu zake, Barnaba alifunga safari mpaka Tarso kumtafuta Sauli (Matendo 11:25). Wakati huo alikuwa na Marko, binamu yake, kama tunavyosoma katika Wakolosayi 4:10. Hakuanza kwa kumwita Marko awe mwalimu wa Antiokia. Alikwenda kumtafuta yule aliyeiweza kazi. Ni kweli siku nyingine yeye na Paulo waligombana juu ya Marko huyohuyo, maana Barnaba alitaka kumchukua tena, na Paulo alikumbuka kwamba aliwaacha katikati ya safari. Basi hata Barnaba, damu ilimvuta. Lakini Paulo aliuliza habari ya kazi, si habari ya ukoo. Na Marko alipokuwa mtu wa kufaa, Paulo mwenyewe aliandika kwa Timoteo amlete (2 Timoteo 4:11). Ndugu hakukatazwa. Alingojewa mpaka kazi yake imsemee.

Sisi wa Katanga tunajua vizuri mahali ambapo njia ya damu peke yake inafika. Mwaka 1992 na 1993 watu waliondolewa kazini na nyumbani kwao kwa sababu ya kabila tu. Stesheni za Likasi na Kolwezi zilijaa jamaa wanaongojea treni chini ya mahema ya plastiki, na wengi walikufa palepale au njiani, hasa watoto. Waliofukuza walikuwa wanasema kazi ni ya watu wetu. Sitaki kufungua kidonda. Ninasema tu kwamba mkubwa anayejaza ofisi na watu wa lugha yake moja, hata leo, hata katika kompani ndogo ya watu kumi, anapanda mbegu ileile. Yakobo sura ya 2 anaiita upendeleo, na anaihesabu kuwa dhambi hata inapofanyika kanisani kwa kumpa tajiri kiti kizuri.

Kuna ubaya mwingine, nao sherti niutaje wazi. Wako wanaouza habari ya kazi. Wanadai mshahara wa mwezi wa kwanza, au wa miezi miwili, mbele ya kutaja jina la mtu. Wanayaita matabishi ili yasikike kama shukrani. Na kwa dada zetu wanadai kitu kingine, ambacho hakiwezi kurudishwa. Mtu wa namna hiyo akikaa katika viti vya mbele vya hekalu, akiimba kwa sauti nzuri, Mungu anamwona vilevile. Dada aliyedaiwa hivyo asijione mwenye kosa. Aje aseme kwa mama mkubwa wa parokia anayemwamini, asibebe peke yake. Na ninyi mnaopokea katika telefone zile habari za kompani inayotafuta watu mia mbili, tuma kwanza franga za kufungua dosie: msitume kitu. Kompani inayotafuta mtu wa kazi haimwombi pesa. Msizipeleke kwa wengine pia katika makundi ya WhatsApp, maana ukimpelekea mwenzako uongo, ni mkono wako uliompelekea.

Sasa ninawageukia wenye kazi, maana somo letu la leo ni la mnyweshaji kuliko la Yosefu.

Kwa nini tunasahau? Mnyweshaji pengine alifurahi sana kuwa huru, akaona haya kukumbuka kwamba alikuwa gerezani. Sisi tuna sababu zetu. Mmoja anaogopa kwamba yule atakayemwingiza atampita na kuchukua nafasi yake. Mwingine anaficha hata jina la kompani yake, maana akilitaja jamaa wote watakuja kukaa kwake mpaka mfuko wa unga unakwisha tarehe kumi. Mwingine alimsemea mtu zamani, mtu akaiba, na patroni akamwita ofisini. Huyu wa mwisho namwelewa sana. Jina la mtu ni mali. Likipotea, nyumba nzima inakosa chakula.

Ndiyo maana ninataka tutenganishe vitu viwili ambavyo tunavichanganya: habari na jina. Habari ya kwamba mahali fulani wanatafuta fundi wa umeme, kwamba mwezi ujao wataanza kujenga, kwamba karani anakwenda kupumzika, hiyo haikugharimu kitu. Mpe kila mtu, mpendwa na asiyependwa, wa kabila lako na wa kabila lingine, hata yule mlioachana vibaya kwa sababu ya kiwanja. Ukiificha, unafanana na mtu anayekaa juu ya kisima. Lakini jina lako ni jambo lingine. Kusema huyu namjua, anafanya kazi vizuri, hanywi, haibi, hiyo ni kushuhudia, na amri inatukataza kushuhudia uongo (Kutoka 20:16). Basi usimsemee mtu usiyemwona akifanya kazi. Mwambie kwa upole: habari nakupa, nenda ujaribu, lakini jina langu siwezi kulitumia kwa sababu kazi yako siijui. Si kumchukia. Na kama unajua kasoro yake, mwambie yeye mwenyewe, arekebishe. Ndipo mwaka ujao utaweza kusimama kama Barnaba.

Kapita wa Boazi alifanya hivyo. Boazi alipofika shambani na kuuliza habari ya msichana yule mgeni, kapita alimjibu: ni Mmoabu aliyerudi na Naomi, aliomba ruhusa kwa adabu, na tangu asubuhi yuko katika kazi, amepumzika kidogo tu (Ruti 2:6-7). Aliyasema yale aliyoyaona kwa macho yake siku ileile. Hakuongeza chumvi. Na Ruti alikuwa mgeni kabisa, wa taifa ambalo Waisraeli hawakulipenda.

Mnyweshaji mwenyewe, alipokumbuka mwishowe, alisema vizuri. Someni 41:12-13. Alitaja kijana ni nani, alikuwa akitumikia wapi, anajua nini, na kwamba maneno yake yalitimia. Maneno machache tu, na Farao akatuma watu mbio. Vijana, hapa muna somo. Mtu atakutaja namna gani kama wewe mwenyewe hukumwambia unajua nini? Wengi wanasema: papa, natafuta kazi yoyote. Kazi yoyote haikai kichwani mwa mtu. Hata akipenda kukusaidia, siku nafasi ya kutengeneza pompi inapotokea, hatakukumbuka, maana kwake wewe ni kijana wa kazi yoyote. Mwambie: ninajua kutengeneza pompi za maji, nilifanya miaka miwili kwa fundi fulani, unaweza kumwuliza. Neno hilo linakaa. Linaweza kukaa miezi sita, halafu siku pompi inakufa mahali anapofanya kazi, anapiga mkono kichwani.

Wala usimwombe akupe kazi, kama si yeye mwenye kuajiri. Unamtia katika aibu, na atakukimbia. Mwulize anajua nini, na nani mwingine unaweza kumwuliza. Kisha rudi kumshukuru hata kama haikufaulu, maana mtu aliyeshukuriwa hachoki kukukumbuka. Na ukiitwa, jitayarishe. Yosefu alipoitwa kwa haraka alinyoa, akabadili mavazi, ndipo akaingia kwa Farao. Hakuingia na nguo za gerezani ili ahurumiwe.

Waaminifu, kazi si neno la nje ya imani yetu. Upendo, Amri, Kazi: ndugu zetu wa Kinshasa wanasema Bolingo, Mibeko, Misala, nasi tunajua kwamba la tatu haliwezi kuondolewa. Papa Simon Kimbangu mwenyewe, mbele ya kuanza utumishi wake Nkamba tarehe 6/4/1921, alikwenda mpaka Kinshasa kutafuta kazi, akafanya kazi kwa muda katika kompani ya mafuta ya ngazi. Alijua kusimama mbele ya mlango wa kompani ni nini. Na walipomfunga, walimleta katika mji wetu huu, wakati huo ukiitwa Élisabethville, akakaa gerezani miaka 30 mpaka tarehe 12/10/1951. Waamini wengi waliondolewa kwao wakapelekwa mbali, kama kule Lowa. Mama Marie Muilu akawalinda waliobaki, kwa siri, mpaka mwaka 1959. Miaka ile hapakuwa na jarida hili. Habari ilipita mdomo kwa mdomo: fulani amefika salama, fulani ana njaa, fulani ni mtu wa kuaminiwa, mfungulie. Kosa moja katika kumtaja mtu lingeweza kumtia mwingine gerezani, lakini walitajana. Hata leo tunapofanya kazi za hekalu kwa mikono, tukibeba mchanga na matofali, angalia nani anafika mapema na nani anarudisha jembe mahali pake. Humo ndimo unaweza kumjua mtu bila kuuliza karatasi.

Na tusidhani kwamba ni jambo dogo. Miaka miwili ya Yosefu ilikuwa gerezani, lakini alikula. Kijana wetu miaka miwili anakwenda wapi? Anashuka katika mashimo ya kuchimba shaba na kobalti bila mbao za kuzuia udongo. Mwezi wa 6 mwaka 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliwafunika wachimbaji, wakafa zaidi ya 40. Siwezi kusema kwamba mtu fulani angewataja wangeishi. Lakini ninajua kwamba katika kila shimo kuna kijana mwenye masomo, na kila kijana mwenye masomo ana mtu mmoja aliyemwahidi nitakukumbuka.

Wazee wa parokia wamekubali jambo hili lifanyike. Kuanzia Siku ya Mungu ijayo, baada ya ibada, daftari litakuwa juu ya meza ya mashemasi. Upande mmoja anayetafuta ataandika jina lake, kazi anayoijua kwa kweli, na mtu aliyemwona akiifanya. Asiandike kazi yoyote. Upande mwingine mwenye kazi ataandika habari aliyoisikia katika juma, hata kama ni ndogo, hata kama ni kibarua cha siku mbili. Wajane na mama wanaolea watoto peke yao wataandikwa sawa na wengine, pamoja na ndugu walioondoka Gécamines ambao mikono yao bado ina ufundi. Hakuna franga itakayoombwa na yeyote, na mtu akiombwa, aje kwangu au kwa mchungaji siku ileile. Daftari litasomwa kwa sauti mbele ya wote, ili habari isikae kwa mashemasi peke yao. Wanaokuja kutoka Kenya, Katuba na Ruashi wafike mapema, maana tutaanza na wao. Wenye kazi, mje na kalamu.

Amina.

Shemasi wa parokia